Kwa Mjomba Aliyetafuta Mkono wa Mtu

Mjomba wangu,

Shikamoo. Najua ungeitikia marahaba nusu nusu, kisha ungeuliza nani kanituma nikuandikie, kwa nini sasa, na kwa nini mbele za watu. Hakuna aliyenituma. Nakuandikia kwa sababu masika haya kuna jambo limetokea hapa nyumbani ambalo wewe ndiye ulistahili kulisikia wa kwanza, na sina njia nyingine ya kukufikishia. Nitaanzia mbali kidogo, maana hukupenda mtu akupe jibu kabla hamjabishana.

Unaikumbuka Jumapili ile ya mnada. Ibada imekwisha, watu wametoka nje, mzee wa kanisa ameshika jogoo wa sadaka anamnadi, na wewe umesimama nyuma kabisa na suti yako ya kahawia, jogoo humwangalii. Umeinamia simu. Wiki hiyo ghorofa lililokuwa linajengwa mjini Lushoto lilikuwa limeporomoka mchana kweupe, mafundi wote wamekwenda kula, na kuna mtu aliliona likishuka akalirekodi. Ulinifuata na ile video hata sijakuamkia. "Mwalimu," ukasema, maana tangu nianze kufundisha fizikia hukuniita tena kwa jina langu, "tazama hapa. Limeshuka wima. Jengo linaloangushwa na mvua huinama kwanza. Hili limetegwa baruti. Hapa kuna mkono wa mtu."

Maneno hayo nimeyasikia tangu nikiwa mtoto. Ulikuwa mfanyabiashara wa kabeji, ukipanda na lori la mboga mpaka Dar es Salaam, na kila ukirudi ulikuwa na mzigo mwingine wa maneno ya mjini. Daraja likikatika, kuna mkono wa mtu. Bei ya viazi ikishuka, kuna mkono wa mtu. Mvua ikinyesha Soni ikaacha kunyesha Bumbuli, basi huko nako kuna mtu. Mama alikuwa akicheka mpaka anajifuta machozi kwa kanga. Mimi nilikuwa sicheki, nilikuwa nabisha, na nadhani ndiyo sababu ulinipenda.

Siku hiyo tulibishana njia nzima kutoka kanisani, tukabishana mezani kwa mama mpaka maharage yakapoa. "Mafundi wote wamekwenda kula?" uliniuliza. "Wote? Hata yule anayebaki kulinda saruji?" Nikakwambia njaa ni kitu cha kawaida, hata mlinzi wa saruji ana tumbo. Kisha nikakueleza kwamba ghorofa ni mzigo unaopokezana: sakafu inaiachia nguzo, nguzo inaiachia nguzo ya chini yake, mpaka ardhini. Nguzo moja ikishindwa, mzigo wake unahamia kwa jirani zake, na hizo nazo zikiwa dhaifu vilevile, zote zinaachia kwa mpigo. Jengo likishafika hapo halina sababu ya kwenda pembeni, kwa sababu uzito wake unalivuta chini tu.

Ulinisikiliza ukitafuna. "Kwa hiyo mimi nikikatwa mguu mmoja nitaanguka wima?"

"Hapana, Mjomba, utainama. Lakini magoti yote mawili yakilegea pamoja, utashuka wima."

Ukainuka. Ukasogeza kiti pembeni. Ukiwa na suti ya Jumapili, mbele ya mama aliyekuwa anakukemea kwa Kishambaa, ukalegeza magoti yote mawili ukajiachia. Kishindo kilitikisa vikombe kabatini. Ukabaki hapo sakafuni umepiga magoti, unafikiri, na mama ameshika kichwa. "Hilo nimelikubali," ukasema mwishowe. "Lakini nani kanilegeza magoti?"

Nimefundisha miaka mingi, nimekaa na walimu wenzangu kwenye semina nyingi, na sijamwona mwingine aliye tayari kuanguka sakafuni ili ajue kama anachoambiwa ni kweli. Wengine tunaandika tu ubaoni.

Kesho yake ukapanda gari kwenda mjini, ukazunguka kifusi cha lile ghorofa mpaka ukafukuzwa. Ulirudi na bonge la zege mfukoni. Uliliweka juu ya kitambaa cha meza cha mama, ukalibonyeza kwa kidole gumba, likamomonyoka likawa mchanga. Ukanitazama, na kwa mara ya kwanza hukuwa na uso wa ubishi. "Fizikia yako imeniambia limeangukaje," ukasema. "Sasa iulize, nani amekula saruji?" Lilikuwa swali zuri na sikuwahi kuliuliza. Nilipokuuliza kama sasa umeachana na habari ya baruti, ukajibu bila aibu kwamba baruti nayo ilikuwepo. Ndivyo ulivyokuwa. Mtu akitaka swali lako moja zuri, ilibidi alichukue na mengine yote.

Halafu vuli ikaingia, na ufa ukajitokeza nyumbani kwa mama.

Wanaosoma barua hii na hawajafika kwetu niwaambie kwamba milimani huku hakuna anayerithi tambarare. Mtu akitaka kujenga anaukata mlima. Udongo anaouchimba nyuma anautupa mbele, anaushindilia, na kiwanja kinapanuka mpaka kinatosha nyumba. Vyumba vya nyuma vinakaa juu ya mlima wenyewe. Chumba cha mbele, kile kizuri chenye jua na kinachoona barabara, kinakaa juu ya udongo uliotupwa. Mama alilala chumba cha mbele kwa sababu alipenda kuona nani anapita, na ufa ulianzia hapo, kwenye kona, ukapanda mpaka dirishani.

Nilimwambia mama ahamie nyuma. Nikamchorea na mchoro. Akasema nyumba ni yake na dirisha ni lake. Wewe ulikuja, ukaukagua ufa kwa miwani, ukatoa hukumu: Baba Rehema, jirani wa chini, anachokonoa ukingo ili apate shamba. Ukauziba ufa kwa vipande vya udongo mbichi, hapa na pale, ukisema vikikatika tutajua adui bado yupo kazini. Kila Jumapili baada ya ibada ulivikagua kabla hujala. Vikakatika. Nikasema ni udongo unazama. Ukaniambia udongo hauna nia.

Tukashuka mpaka kwa Baba Rehema. Ukingo ulikuwa mzima, nyasi zimeufunika, magimbi yake yamesimama vilevile. Mwenyewe akatoka na kofia yake, akatukuta umechuchumaa, akakuita bwana kwa Kishambaa.

"Mgosi, unatafuta nini kwenye magimbi yangu?"

"Natafuta alama za jembe."

"Jembe langu liko jikoni. Nenda kalihoji."

Nilitamani ardhi inimeze. Wewe ulicheka, mkapeana mikono, akatufungia na peasi za kupeleka nyumbani. Lakini hukuridhika. Baada ya Krismasi, jua likiwa kali na ardhi imekauka, ulikuja na jembe na sururu, ukasema kama adui hayuko nje basi yuko chini, na utamchimba. Ulikataa nikusaidie. Ulichimba pembeni mwa ile kona, shati limelowa, unanung'unika, mama yuko mlangoni anakuuliza kama sasa unataka kumwangushia nyumba kabisa.

Kisha jembe likazama kama limeingia kwenye unga. Ukavuta, likatoka na kitu cheusi, chepesi, chenye nyuzinyuzi. Ukavuta tena. Chini ya udongo mwekundu kulikuwa na tabaka zima la weusi ule, na katikati yake mashimo ambayo mkono ulipita. Nilidhani ni mizizi. Wewe uliuchukua ule weusi ukausugua viganjani, ukaunusa, ukakaa chini pale pale kwenye ukingo wa shimo. "Migomba," ukasema.

Nikauliza migomba gani. Ukaniambia ukiwa umeinamia mikono yako. Mama alipoolewa, wewe na wenzako ndio mliomchimbia kiwanja, enzi za ujana wenu, na mlikuwa mnataka kumaliza haraka. Mlikuta migomba mbele ya kiwanja. Mkaikata, mkaitupa chini mizimamizima, mkaifukia, na kiwanja kikajaa mara moja. Watu wakasifia. Mwaka huo mkapewa tenda ya kuchimba viwanja vingine huku chini, na mkafanya vilevile kila palipokuwa na migomba. Migomba ikaoza, ikaacha uwazi, na maji ya mvua yakajua njia.

Nilikuona umezeeka mbele ya macho yangu, Mjomba, na sikuvumilia. Nikaanza kukutetea kwa kitu pekee ninachokijua. Nikakwambia kiwanja chako kilibeba nyumba ya miti na udongo miaka yote bila kosa. Nyumba ile ilikuwa nyepesi. Ni juzi juzi tu mama alipojenga kwa tofali za kuchoma, kama walivyofanya jirani zake wote, na mzigo ukaongezeka maradufu. Kilicholeta ufa ni uzito wa tofali. Na nilikuwa nasema kweli tupu, ningeweza kuifundisha darasani.

Ukaniinulia macho. "Tofali halikujua chini kuna migomba," ukasema. "Mimi nilijua. Walipoleta tofali nilikuwa hapa hapa, nikala pilau ya kuhamia, nikanyamaza." Halafu ukasema maneno ambayo sijapata kuyasahau. "Miaka yote unaniambia hakuna mkono wa mtu. Leo umeuona, unataka kuuficha kwa sababu ni wa mjomba wako?"

Mama alihamia chumba cha nyuma siku ile ile, bila mchoro. Hakukulaumu. Alikuletea maji ya kunawa, akakaa karibu yako kwenye udongo, dada na kaka.

Mtu mwingine angeishia hapo. Angemjengea dada yake ukuta mpya na kumwomba Mungu msamaha kwa sauti ya chini. Na wenzako mliochimba nao walikuwa wamekwisha kuzikwa wote, hakuna aliyebaki wa kukutaja. Wewe ulivaa suti ya kahawia siku ya kazi ukaanza kupita nyumba kwa nyumba. Ulikuwa ukibisha hodi, ukiuliza hali, ukiuliza watoto, kisha ukisema: "Kiwanja hiki nimekichimba mimi. Mbele hapa chini kuna migomba iliyooza. Msilale chumba cha mbele."

Niliomba nifuatane nawe nikaeleze habari za mgandamizo. Ukakataa, ukasema kosa lako halihitaji mkalimani.

Ulipokelewa kama ulivyotufundisha mwenyewe kupokea habari. Wakasema kuna tajiri anataka kujenga hoteli ya watalii na amekutuma uwatishe watu wauze viwanja kwa bei ya chee. Wakasema mbona nyumba zimesimama miaka yote. Wakasema ulikuwa na deni la mganga. Mtu aliyetafuta mkono wa mtu maisha yake yote, sasa watu walikuwa wanautafuta nyuma yake! Nilikuja kwako nimefura kwa hasira. Ulikuwa umekaa nje unamenya muwa. "Waache," ukasema. "Swali lao ni zuri. Hata mimi ningeuliza."

Baba Rehema ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote. Chumba chake cha mbele kilikuwa cha wajukuu, vitanda vimepangwa chini ya dirisha, na alikuwa amekipaka rangi ya kijani kwa ajili yao. Mara ya kwanza alikukaribisha chai. Mara ya pili hakukukaribisha. Mara ya tatu nilikuwa nimekusindikiza mpaka njiani, nikasikia.

"Kwanza niliiba ukingo wako," alikuambia. "Sasa nyumba yangu inaanguka. Mgosi, nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Na mimi nikuamini kwa lipi?"

"Usiniamini," ukamwambia. "Chimba mwenyewe. Kona ya mbele, kina cha kiuno. Usipokuta migomba, nitangaze msikitini na kanisani kwamba mimi ni mwongo."

Akafunga mlango taratibu, kwa heshima, kama anavyofanya kila kitu. Hakuchimba. Kina mama wawili wa huko chini walihamisha vitanda, mwenye duka alihamisha mali yake ya mbele, na wewe ulifurahia kila mmoja kama umepewa zawadi. Lakini Baba Rehema hakuchimba, na lilikukaa moyoni kuliko kile kifua kilichokuwa kimeanza kukubana.

Hospitalini ulikuwa unaniuliza hilo tu. Nikiingia na uji, kabla hujafumbua macho vizuri: "Kachimba?" Bado, Mjomba. Nesi alidhani unaulizia kisima. Siku ya mwisho sauti yako ilikuwa imekwisha, ukauliza kwa nyusi. Ningeweza kukudanganya, na nilifikiria. Lakini wewe ungejua, na ungeuliza nani kanituma kukudanganya. Nikatikisa kichwa. Ukanishika kidole gumba, ukakiminya, ukafumba macho. Ulikwenda na jibu baya, na hilo limeniuma masika yote haya kuliko hata kukukosa kwenyewe.

Tulikuzika jua likiwaka. Baba Rehema alikuja, akasimama mbali kidogo na kaburi, akarusha udongo wake, akaondoka bila kusema na mtu.

Sasa habari yenyewe. Mvua za masika haya zimetukamata kweli. Barabara ya Mombo imefungwa na kufunguliwa sijui mara ngapi, mto umebeba mashamba ya watu bondeni. Juzi alfajiri, Baba Rehema akiwa nyuma anatawadha, chumba cha kijani kiliondoka. Hakikupasuka, hakikupiga kelele ya kumshtua mtu. Ukuta wa mbele ulishuka na kona yake, dirisha likafuata, na bati likabaki limening'inia juu ya hewa. Niliteremka na mwavuli, nikikazana kutofikiria vile vitanda.

Nilimkuta Baba Rehema ameshapanda kwa mama. Amekaa jikoni kwenye kigoda, kanzu imelowa, mama amemwekea chai na haigusi. Alimwambia mama, lakini aliniangalia mimi.

"Wiki ile tuliyomzika, nilichimba," akasema. "Nilikuwa natafuta uongo wake. Nilitaka niukute niwaonyeshe watu. Nikakuta weusi. Nikaingiza mkono ukapita mpaka kwapani." Akakunja mikono ya kanzu iliyolowa. "Nikahamisha vitanda sikumwambia mtu. Niliona haya. Ningekwenda kumwambia nani, na mwenyewe nimeshamrushia udongo?"

Mama akalia. Mimi nikatoka nje kwenye mvua, kwa sababu nilitaka kukupigia simu. Nakuapia, mkono ulikwenda mfukoni.

Nimekuwa nikijiuliza nikwambie nini kuhusu yote haya, mimi mwalimu wako wa fizikia nisiyekuwa na mtihani. Ninakuheshimu kuliko nilivyowahi kukuonyesha tukibishana. Uliamini mambo mengi ya ajabu, na mengine nitayabishia mpaka nitakapokufuata. Lakini ulitaka kujua kweli kiasi kwamba ilipogeuka ikakunyooshea kidole, hukurudi nyuma hata hatua moja. Hilo halimo kwenye somo langu, na ningetamani kujua namna ya kulifundisha.

Lala salama sasa, Mjomba, jibu lako limefika, limechelewa tu njiani. Na kwa kuwa hukupenda habari ya kusimuliwa, asubuhi ile kabla ya kurudi nyumbani nilimwomba Baba Rehema ruhusa, nikashuka mpaka kwake, nikaingia mwenyewe chumba cha nyuma. Wajukuu walikuwa wamelala watatu kitanda kimoja, mvua inapiga bati, hawana habari na lolote. Mdogo kabisa alikuwa amewapiga teke wenzake, ametoa mguu nje ya blanketi. Niliushika. Ulikuwa wa moto.

Mpwa wako, mbishi wako